Binti wa Ziwa Asiyekunywa Maji

Binti wa kaka yangu alikuwa na tabia moja ambayo ilinichukua muda kuielewa. Kila Jumamosi alipokuja kwangu Bwera kutoka ziwani, hakusalimu kwanza. Alivua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja hadi kwenye mtungi nyuma ya cherehani, akachota kikombe, akanywa, akachota kingine, akanywa, ndipo akageuka na kusema, "Shikamoo, Shangazi." Mimi nilijibu "Marahaba" huku nikimtazama kwa jicho la pembeni. Nilidhani ni joto. Njia ya kutoka Katwe ina vumbi la kutosha kumkausha mtu koo.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko kwenye barabara inayoteremka kuelekea mpaka wa Kongo, katikati ya wabadilishaji fedha na bodaboda zisizo na breki wala adabu. Nashona magauni ya harusi, kanzu za Idi, sare za shule, na nguo za akina mama wanaovuka kutoka Kongo na vitenge vizuri kuliko vyetu. Nilizaliwa kambini. Baba yetu alikuwa askari, na kambini ndiko mimi na kaka yangu tulikojifunza Kiswahili, kile cha amri na makelele, kabla hatujakijua cha vitabuni. Kaka naye akawa askari. Watoto wake aliwalea akihamishwa kambi hadi kambi, na huyu binti wake wa kwanza alipomaliza shule akatutangazia kwamba anataka kusomea sayansi ya maji, ya maziwa na ya bahari.

"Bahari?" nilimwuliza. "Bahari gani, hapa Kasese?"

Si mimi peke yangu niliyecheka. Jirani yangu anayeuza matairi alisema bora angesomea theluji, maana hiyo angalau tunaiona mlimani asubuhi mawingu yakifunguka. Binti hakununa. Alituambia kwamba ziwa letu lina mlango upande wa Kongo, mto unatoka hapo unazunguka mlima, unaingia ziwa jingine, unatoka tena, na hatimaye unafika baharini, mbali sana kaskazini. "Ukitupa kijiti pale Katwe, Shangazi, kisipokwama mahali, kitafika baharini kabla yako." Muuza matairi akasema yeye hana haraka ya kufika. Lakini mimi maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo karibu na ziwa lile nikidhani limekaa tu pale, kama maji kwenye beseni.

Akasoma, akamaliza, akapata nafasi kwenye mradi mmoja uliokuwa ukichunguza maji na samaki wa ziwa letu. Kwenye mashua alikuwa mwanamke pekee. Kulikuwa na nahodha, mzee aliyestaafu jeshini, na wanaume wawili, mmoja wa mashine na mmoja wa nanga. Mradi ulikuwa umeahidi jambo moja: mtafiti atakayefanya kazi kwenye mashua msimu mzima wa mvua mpaka uishe, huyo ndiye atakayepelekwa baharini, kwenye meli ya utafiti, akajifunze maji makubwa. Binti yangu aliitamani meli ile kuliko mabinti wengine wanavyotamani kupigiwe ngoma za harusi yao. Na mimi, nisifiche, nilianza kuitamani pamoja naye.

Jumamosi moja akaja, na hakwenda kwenye mtungi. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mkono mmoja kiunoni, uso umemvimba kwa homa. Nilimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemshika, tukaenda hospitali. Muuguzi alipomaliza kumpima akamwuliza swali dogo sana.

"Wewe unakunywa maji?"

Binti akatazama sakafu. Akaambiwa ana maambukizi ya njia ya mkojo, akapewa dawa, akaambiwa anywe maji mengi, na asijizuie. Neno lile la kujizuia nililisikia, nikalibeba hadi nyumbani.

Kwetu mambo ya mwili hayazungumzwi na mama. Ni kazi ya shangazi. Waganda wamempa hata cheo chake, senga, na wateja wangu wengine huniita hivyo hata kama hatuna ukoo. Basi homa ilipopungua nilifunga mlango wa duka mchana kweupe, nikamwambia, "Sema."

"Shangazi, mashua haina choo."

"Mashua gani ina choo?"

"Hakuna. Lakini wenzangu hawana haja nacho. Wanageukia upande ule, wanamaliza, wanaendelea na hadithi pale walipoiachia."

"Na ufukweni?"

"Ufukweni ni mbuga. Kuna viboko, kuna nyati. Siku moja nilimwomba nahodha asogee kwenye nchi kavu, nikamdanganya nataka kuchota udongo. Tukakuta simba jike amelala pale pale ambapo ningechuchumaa."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Akaniambia basi anavyofanya. Jioni kabla ya safari anaacha kunywa. Asubuhi anakula muhogo mkavu bila chai. Kutwa nzima yuko juani, katikati ya maji yasiyo na mwisho, anayapima, anayanusa, anayatia kwenye chupa, na yeye mwenyewe hatii hata tone mdomoni mpaka afike nchi kavu. Ikifika alasiri macho yanaona giza. Sehemu ya mwisho ya kazi, ile ya kule kwenye kina kikubwa, amekuwa akiiahirisha kwa sababu kizunguzungu kinamfanya ashindwe kusimama.

Nilikasirika. Nilikaa kwenye mashine ili nisiseme neno baya, nikakanyaga pedali kwa nguvu mpaka sindano ikakatika. Sikujua nimkasirikie nani. Aliyechonga mashua? Mungu aliyetuumba hivi? Binti mwenyewe, aliyekaa kimya wakati ana shangazi anayejua kusema? Nilichagua wa tatu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

"Mficha uchi hazai," nilimwambia.

"Na anayeuonyesha, Shangazi, anaitwaje?"

Alinishinda, na nilifurahi kidogo kwamba alinishinda.

Siku chache baadaye mkuu wa mradi akampigia simu. Nisimsingizie, alikuwa mtu mpole, msomi, anayesalimia watu mpaka mwisho wa salamu. Alisema amesikia binti anaumwa, na kwa ajili ya afya yake ameamua kumpumzisha. Mwezi ukiisha atahamia ndani, kwenye maabara, na kijana mmoja wa kiume atachukua nafasi yake kwenye mashua. Binti atakuwa akipokea chupa za maji zilizoletwa na wengine. Ni sawa na kumwambia fundi wa nguo kwamba kuanzia leo utapiga pasi tu, mwingine ndiye atakayepima na kukata. Na meli, bila shaka, ingekwenda na yule wa mashua.

"Umemwambia sababu?" nilimwuliza.

"Nimwambie nini? Kwamba ziwa limenishinda kwa sababu ya mkojo?"

Aliomba jambo moja tu, aachiwe mwezi huo amalize safari zilizobaki. Akakubaliwa. Kwa hiyo tulikuwa na siku chache za kuonyesha kwamba anaweza kubaki, na mimi nikaamua kwamba tatizo ni la kitambaa, na kitambaa ni kazi yangu.

Nilishona chumba. Sijawahi kushona kitu kwa majivuno kama yale. Nilimwendea fundi wa kuchomelea, akanitengenezea fremu ya mabomba membamba, ya kufungwa nyuma ya mashua. Nikashona mapazia ya turubai la buluu pande zote, yenye pindo mbili ili maji yasiyararue, na mlango wa kufunga kwa zipu. Ndani niliweka mfuko wa sabuni. Wateja walikuja kuangalia. Bibi harusi mmoja aliniuliza kama hilo ni hema la sherehe, nami nikamwambia ni la heshima kuliko sherehe. Binti alilikunja, akalifunga kwenye bodaboda, akaondoka nalo, nami nikalala nikijiona nimeitengeneza dunia.

Jumamosi akaja, akanywa maji yake, akasalimia, akakaa. Alikuwa akiuma mdomo wa chini.

"Shangazi, uliwahi kushona tanga?"

"Tanga la nini?"

"Basi umeshona."

Walikuwa wamefika mbali, mashine imezimwa ili vyombo vishuke majini vizuri. Upepo wa ziwani ukaanza, kama unavyoanza siku zote jua likishapita utosini. Yeye alikuwa ndio kwanza ameingia ndani na kufunga zipu. Upepo ukalijaza lile turubai langu lenye pindo mbili, na kwa sababu nilikuwa nimelishona vizuri, halikuraruka. Mashua ikageuka yenyewe ikashika njia. Kamba ya vyombo ikaingia chini ya mashua. Mwenye mashine anavuta uzi, mashine inakohoa haiwaki, na wao wanakwenda mbio kuelekea upande wa Kongo, ambako askari wa doria hawaanzi na habari za asubuhi. Nahodha akawa anapiga kelele, "Toka! Toka huko ndani, wewe! Toka haraka!" naye binti anapigana na zipu. Alipotoka, nahodha alikata fremu kwa panga, chumba changu kikaanguka majini, kikaelea kidogo kama kuaga, kikazama.

Nani mwingine angefanya kosa lile? Mimi nashona magauni. Sifa ya gauni ni lishike upepo, bibi harusi akipita watu waone.

Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Kisha nikaona ya kwake hayaishi, na si ya kicheko tena. Mkuu wa mradi alikuwa amesikia, na safari hii hakuwa mpole sana. Alisema vitu vya kienyeji visiletwe tena kwenye mashua, na kwamba safari inayofuata itakuwa ya mwisho kwake. Baada ya hapo, maabara.

"Nimekuharibia," nilisema.

"Hapana, Shangazi. Ulinishonea. Wengine hata kuuliza hawakuuliza."

Alilala mchana ule kwenye mkeka wangu, na mimi nikakaa nikimtazama. Nikamkumbuka mama yangu.

Mama hakutosheka kuwa mke wa askari. Alifanya biashara ya maharage na vitunguu, akipanda malori pamoja na wanawake wengine, Waislamu na Wakristo, kuvuka mpaka na kurudi. Nikiwa mdogo alikuwa akinichukua, ananikalisha juu ya magunia. Malori yale hayakuwa na choo wala subira. Dereva alikuwa akisimama pale gari lilipochemka, penye uwazi mtupu, bila hata kichaka. Wanaume walikwenda upande wao. Wanawake walishuka, kila mmoja akafungua kitenge chake cha pili, maana hakuna mwanamke aliyesafiri na kimoja, wakasimama duara, vitenge vimeshikana. Mwenye haja akaingia katikati. Sheria zilikuwa mbili na hata mimi mtoto nilizijua. Ya kwanza, anayeshika kitambaa hutazama nje. Ya pili, anayeshika kitambaa huongea kwa sauti kubwa, ili aliye ndani asione haya ya kusikika. Wakaongea basi: bei ya vitunguu, mume wa fulani, uzembe wa dereva. Mwanamume akithubutu kugeuza shingo, alitukanwa na duara zima mpaka ajute kuzaliwa na macho.

Nilikuwa nimemshonea binti yangu chumba, na alichokuwa anakosa si chumba. Alikuwa anakosa mwanamke wa pili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nilimwamsha. "Nani anavuta kamba kwenye mashua yenu?"

"Kibarua. Kila safari namchukua mtu wa pale mwaloni, mashua zinapoegeshwa."

"Unamchagua wewe?"

"Ndiyo."

"Basi safari ya mwisho umenichagua mimi."

Aliniangalia, mwili huu wa kukaa kitini, na mikono hii ya sindano. "Shangazi, hujui kuogelea."

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Tafadhali," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alitabasamu, "usivue nguo."

Asubuhi ya safari nilisimama mwaloni na vitenge viwili, kimoja mwilini na kimoja begani, na dumu la maji ya kunywa. Nahodha alikuwa amekaa ukingoni mwa mashua, mgongo umenyooka, kofia imenyooka. Aliliangalia dumu, akaniangalia mimi.

"Mama, wewe iko nakwenda wapi?"

"Kazini, afande."

"Kazi gani? Hii mashua hapana ya soko."

"Kuvuta kamba."

"Wewe najua kuogelea?"

"Hapana."

"Sasa kama naanguka?"

"Kama naanguka, wewe nakuwa na ripoti ya kuandika, afande. Kwa hiyo wewe nashika mimi vizuri."

Yule wa mashine alicheka. Nahodha hakucheka, ila aliniangalia upya. "Hii Kiswahili wewe natoa wapi? Mutoto ya kambi?"

"Mutoto ya kambi. Baba, kaka, bote."

"Panda," alisema. "Kaa katikati. Usiguse kitu."

Sasa niseme nilichokiona, maana mpaka siku ile nilikuwa namhurumia binti yangu, na huruma inaweza kumficha mtu. Sikuwa nimewahi kumwona kazini.

Tulipoacha ufuko nyuma, alisimama mbele ya mashua na hakushika kitu. Alinyoosha mkono tu, kidogo kushoto, kidogo kulia, na nahodha yule mzee wa amri akaufuata mkono ule bila kuuliza. Alipokunja ngumi, mashine ikazimwa. Akateremsha kisahani cheupe na cheusi kwa kamba, akakitazama kikizama mpaka kikapotea machoni, akajua hapo mwanga unaishia wapi. Akateremsha chupa iliyo wazi pande zote mbili hadi chini kabisa, akaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba, na huko chini, ambako hakuna mkono wa mtu unaofika, chupa ikajifunga. Nikaivuta mimi. Ilikuwa nzito, na maji yaliyokuwamo yalikuwa baridi na yananuka kidogo kama yai. Akaniambia huko chini hewa ni kidogo, samaki hawakai, na mvua kubwa zikija mambo hubadilika. Ndiyo sababu msimu usikatike. Halafu akatoa wavu. Jamani, ule wavu! Nimeshika shela za kila aina, za Dubai na za wapi, sijawahi kushika kitambaa chenye macho madogo namna ile. Aliuvuta majini, akautoa, akaninyooshea kikombe kidogo. Nikaona vumbi la kijani linacheza. "Hiki ndicho samaki anachokula, Shangazi, na wewe unamla samaki." Alisema hivyo akiwa na jua usoni, na uso ule ulikuwa mzuri. Nilijivuna mpaka nikataka kumwita muuza matairi aje aone.

Na midomo yake ilikuwa imekauka, ina magamba.

Nikamimina maji kwenye kikombe. "Kunywa."

Akatikisa kichwa, macho yakaenda kwa wale wanaume.

"Kunywa," nilisema. "Mimi nimekuja kwa kazi moja, na si kamba."

Akanywa. Nikamimina tena, akanywa. Tukaendelea na kazi, jua likapanda, akanywa tena bila kuambiwa. Na baadaye, kama ilivyo kwa binadamu yeyote, wakati ukafika. Nikamwona anakunja vidole vya miguu. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa niaba yake, hata mdomo nilikuwa nimefungua. Lakini alisimama mwenyewe, akamgeukia nahodha, akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kupima kina:

"Nahodha, nina haja ndogo. Naomba mnipe sitara."

Niliona kitu kikipita usoni mwa nahodha. Mzee yule ana mabinti, niliambiwa baadaye.

"Ni hiyo tu?" alisema polepole. "Siku yote wewe nagonjwa, nakuwa na kizunguzungu, hapana kunywa, hapana kula... ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Alisimama. Alirekebisha kofia. Kisha alitoa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi ufukweni Mweya:

"Bote! Simama! Nyuuuma... geuka!"

Wanaume wale wawili, ambao hawajawahi hata siku moja kuvaa sare, waligeuka kama gwaride, na yeye pamoja nao, mikono imenyooka ubavuni, macho yakitazama Kongo. Nilifungua kitenge, nikakipitisha nyuma ya shingo yangu, nikanyoosha mikono kama ndege wa ziwani anayeanika mbawa, nikatazama nje. Hakukuwa na duara, nilikuwa duara peke yangu. Nikakumbuka sheria ya pili, nikaanza kupiga kelele.

"Vitunguu vimepanda! Gunia halishikiki! Na yule bwana harusi wa Kasese, kanzu nimempima mwezi uliopita, sasa tumbo limekuja, haingii! Mimi nifanye nini? Nimkate tumbo?"

Yule wa nanga, bila kugeuza shingo hata kidogo, akajibu, "Vitunguu vimepanda kweli, mama."

"Hapana ongea kwa gwaride!" nahodha akafoka.

Nyuma yangu nilisikia binti yangu akicheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu alipoanza kazi ile, na macho yangu yaliloa, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Alasiri ile alisimama vizuri kwenye miguu yake. Upepo ulipoanza, nahodha akauliza kama turudi. Akasema hapana, twende kwenye kina. Tukaenda. Akapima mpaka chini, mahali ambapo alikuwa akiahirisha kufika, na alipomaliza akaketi karibu nami akaegemea bega langu lililokuwa linauma kwa kamba.

Mkuu wa mradi alikuwa mwaloni akisubiri chupa. Aliponiona nashuka alishangaa, lakini akasalimia vizuri. Binti hakungoja. Alimweleza sababu yote pale pale, mbele ya nahodha na wachuuzi wa samaki, bila kuinamisha kichwa. "Mashua haijanishinda, mheshimiwa. Mliponipa, hakuna aliyefikiri nitakojoa wapi."

Mkuu alivua miwani. "Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hakuna aliyeuliza," nikasema mimi, kwa sababu sikuzaliwa na breki.

Nahodha naye akakohoa. "Bwana mukubwa, huyu mutoto nabaki kwa mashua. Kama yeye natoka, mimi natafuta kazi ingine."

Binti akaomba jambo moja la kudumu: kwenye mashua asiwe mwanamke peke yake. Mkuu alisema atafikiri. Nilirudi Bwera mgongo umevunjika, nikashona kwa siku kadhaa nikiruka kila simu inapolia. Ilipokuja, binti alisema maneno machache. Anabaki, msimu mzima. Na wanamletea mwanafunzi, msichana wa Muhokya, anayependa samaki na anaongea sana. Nikamwambia anayeongea sana ndiye hasa anayetakiwa.

Sikupanda mashua tena. Kitenge changu kilibaki huko, kimekunjwa chini ya kiti cha nahodha, na wasichana wale wawili wakawa wanashikiana. Nasikia mzee yule hahitaji tena kuombwa. Kitenge kikifunguliwa tu, gwaride linageuka.

Msimu uliisha na meli ikamchukua binti yangu. Kabla ya kuondoka alikuja na kile kitenge mkononi, kimepauka jua, akauliza kama anaweza kwenda nacho. Nikasema meli kubwa namna ile haikosi choo. Akasema anajua.

Juzi alinipigia. Meli ina mtandao wake, sauti inakuja na kukatika. Nilikuwa napinda kanzu. Alisema hakuna nchi kavu upande wowote, na kwamba maji ni ya buluu mpaka macho yanachoka.

"Wanawake mko wangapi?"

"Tuko watatu, Shangazi. Na mmoja ndiye mkubwa wa kazi yetu."

"Na choo?"

"Kipo. Kina mlango, na kina kufuli."

"Na maji unakunywa?"

Nilisikia kitu kikigonga meza, kisha nikasikia akinywa, funda baada ya funda, bila haraka, simu iko karibu kabisa na koo. Niliondoa mguu kwenye pedali nikasikiliza mpaka kikombe kikaisha.